Bafle za Baba na Ng'ombe Aliyemngoja

Baba yangu alibadilisha mtamba mzima, mwenye afya, na bafle mbili za mbao, vile visanduku vya kutolea muziki. Mlima wote wa Karuba ulicheka. Mtamba! Mnyama ambaye kesho angezaa, angekamuliwa, angetosha kuolea mtoto bibi, yeye akamtoa kwa Mzungu mmoja wa shamba la zamani aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Akapanda na bafle zake kilimani, moja kichwani mwake, nyingine kichwani mwa mama. Watu wakamuuliza: "Papa, sasa hizi utazikamua wapi?" Akawaambia waende zao, wamwache asikilize.

Hazikuwa bafle za kupigia kelele kwenye harusi. Zilikuwa za mtu kuvuta kiti, kukaa, kunyamaza na kusikiliza. Mimi nilikulia mbele yake. Nikiwa mdogo nilikuwa ninaweka shavu kwenye kitambaa chake cha kahawia, mama ananivuta sikio. Nikiwa mkubwa nikafungua moja kwa bisibisi nione nani anaimba mle ndani, na hapo baba njo aliyenivuta sikio. Basi ufundi wangu ulianzia pale. Leo nina ateliye yangu ndogo ya kutengeneza vyombo vya muziki huku chini Kirotshe, kando ya barabara. Mtu anaingia na ampli yake ya kukuzia sauti kwapani, ananiangalia kutoka juu mpaka chini, anauliza: "Mama, fundi iko wapi?" Ninamwambia: "Fundi ametoka, miye niko bibi yake, leta nione." Akirudi kuchukua kitu chake kinachoimba, njo anaelewa, na mimi ninacheka mpaka mbavu zinauma. Sina uvumilivu, wateja wangu wote wanajua.

Lakini hapa ninataka kusema juu ya ng'ombe.

Zamani baba alikuwa na ng'ombe wengi. Vita ikakula, magonjwa yakakula, akabaki na wachache wa kuhesabu ukiwa umekaa. Kati yao kulikuwa na jike mmoja mwenye pembe moja iliyogeukia jicho. Mama yake alikufa akimzaa, baba akamnywesha kwa chupa ndani ya nyumba, karibu na moto, mama akinung'unika kwamba sasa ameletewa mke mwenza mwenye miguu minne. Yule ng'ombe akakua anamjua mtu mmoja tu duniani. Jina lake sitaliandika. Baba njo alimpa, na mtu mwingine akilitaja linaniuma mpaka leo.

Asiyefuga hawezi kujua hili, kwa hiyo nieleze. Ng'ombe wa kwetu hakupi maziwa kwa sababu umemshika chuchu. Anayashusha akitaka. Akikataa, utavuta mpaka jioni, kiwele kimejaa na ndoo kavu. Kawaida ndama njo anamfungua: ananyonya kidogo, maziwa yanashuka, unamsogeza, unakamua. Lakini ndama wa yule jike alikufa kwa homa, na tangu hapo aliyebaki wa kumfungua ni baba. Alikuwa anakaa kwenye kigoda chake, anapitisha pumzi kati ya meno, tsiii, tsiii, nyembamba na kavu, kama kifuniko cha sufuria ya maharagi inayochemka. Halafu anamtaja jina pole pole, anamsifu pembe, anamsifu macho, maneno ambayo mama anasema hakuyasikia hata siku za uchumba. Ng'ombe anafumba macho nusu, maziwa yanashuka.

Siku moja nilipanda kuwasalimia, nikawasha simu ndani ya mfuko wa koti nikanasa yote, mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa mchezo tu. Nilitaka kuifanya mlio wa simu yangu, ili kila akinipigia nisikie anavyombembeleza ng'ombe wake. Nilipomsikilizisha aliona haya, akasema: "Futa hii, mutoto mubaya weye." Sikufuta, ashukuriwe Mungu.

Baba alishikwa na tansiyo, presha ya damu, asubuhi moja akiwa kwenye zizi. Upande mmoja wa mwili ukalala. Wanaume wa mlimani wakamfunga kwenye chipoyi, ile machela ya miti ya kubebea wagonjwa mabegani, wakateremka naye kwa njia ileile ya ng'ombe. Yule jike alikuwa bado hajakamuliwa. Mama aliniambia ng'ombe alisimama mlangoni mwa zizi akiangalia chipoyi ikiondoka mpaka ilipofichwa na kona. Mama hakuteremka, maana nani angebaki na wanyama? Alijua atafuata kesho yake. Kesho yake njia ilikuwa imefungwa, kwa sababu zilezile ambazo huwa zinafunga njia kwetu.

Baba alifika Kirotshe na akafa mikononi mwangu. Hatukuweza kumpandisha. Tulimzika huku chini, karibu na ziwa, yeye ambaye ziwa hakulipenda hata kidogo, na mama habari aliipata kwa simu, mtandao unakatika katika. Nilimwambia: "Mama, baba ametuacha." Akasema: "Sikusikii vizuri." Nikarudia, nikapiga makelele barabarani watu wakisimama kuniangalia. Akasema: "Sawa. Nimesikia." Hakulia. Njia ilipofunguka nikapanda, nikamkuta anafagia kiwanja. Majirani walikuwa wamekuja, wamekaa, wamelia, wamekula, wameondoka, na yeye hakulia. Mtu ambaye hujamwona akifa, hujamwona akishushwa shimoni, utamlilia namna gani? Alipokuwa anazungumza juu yake hakuwa anasema "alikuwa anapenda". Alikuwa anasema "anapenda".

Na ng'ombe alikuwa amefunga maziwa.

Mama alijaribu, baba mdogo alijaribu, mimi nilijaribu kwa kumuiga baba na meno yangu haya yenye mwanya. Akanitazama kwa dharau. Kiwele kilivimba kikawa cha moto, tukawa tunakikanda kwa maji ya uvuguvugu, yanadondoka matone, halafu basi. Kila jioni alikwenda kusimama palepale mlangoni, uso kwenye ile kona ya njia, mpaka tumsukume ndani.

Baba mdogo si mtu mbaya. Alikuja akakaa, akavua kofia. "Shemeji, ile ng'ombe iko inakauka," akamwambia mama. "Ikikauka bila mimba, bila maziwa, iko ya nini? Siku ya soko watu wa buchere wanapanda kutafuta za kuchinja. Tuiuzishe ikiwa bado na nyama."

Mama akasema: "Hatuuzishi."

"Shemeji..."

"Iko inamungoja mwenyewe."

Baba mdogo akaniangalia mimi, mimi nikaangalia chini. Nilijua mama akimkosa yule mnyama atakuwa amekosa kitu cha mwisho kilichomjua baba kama yeye alivyomjua. Nikasema kwa hasira, maana sijui kusema namna nyingine: "Baba mudogo, tupatie mpaka soko. Akitoa maziwa anabaki. Asipotoa, basi, mufanye yenu." Akakubali.

Jioni ile nikamletea ng'ombe simu, nikacheza ile sauti karibu na sikio. Sikio moja likageuka, halafu akaendelea na majani yake. Simu ni kitu kidogo, nikajisemea; sauti ya mtu haitoki kwenye kisanduku cha kiberiti. Nikakumbuka bafle. Nikazipangusa vumbi, nikazielekeza mlangoni, nikaunganisha simu kwenye ampli na ampli kwenye batri ya jua, nikawasha. Eh! Ilikuwa aibu. Baba alikuwemo, ndiyo, lakini alikuwa mbali, mzito, amefunikwa. Mama akasikiliza kidogo akasema: "Iko anasemea ndani ya blanketi." Na ile tsiii haikuwepo kabisa. Ng'ombe hakugeuza hata sikio.

Ugonjwa wenyewe niliujua palepale. Ndani ya kila bafle kuna kibao kidogo tunakiita filtri. Kinagawanya sauti: nzito inakwenda kwa kipaza kikubwa cha chini, nyembamba inapanda kwa kile kidogo cha juu, tuita. Anayelinda mlango wa tuita ni kondensatere. Zile za zamani zina majimaji ya dawa ndani, na miaka ikipita yanakauka, mlango unaziba, sauti nyembamba zinabaki nje. Mtu anayesikiliza kila siku hatambui, maana zinaondoka pole pole. Baba mwenyewe miaka yake ya mwisho alikuwa anasikiliza nusu ya muziki na anatikisa kichwa kwa raha.

Kwa haraka yangu nikatoa kondensatere kwenye televisheni iliyokufa ya jirani, nikaziunganisha mbili mbili mgongo kwa mgongo, njo vile tunafanya tukikosa. Namba zilizoandikwa juu yake hazikulingana na za zile kuukuu. Nilijua hazilingani, nikajiambia zitatosha. Nilipowasha, tsiii ikatoka kweli, lakini imekwaruza kama kijiko kwenye sufuria iliyoungua. Ng'ombe akainua mkia, akaruka ua, akaingia kwenye viazi vya mama mmoja jirani ambaye alinitukania ukoo mzima. Nilimjibu vibaya. Halafu nikamwomba msamaha, halafu nikalia kwenye mahindi ambapo mama hawezi kuniona.

Nikateremka Kirotshe. Kwenye ateliye nilikuwa nimeficha kondensatere nne za aina nyingine, za utando wa plastiki, nilizozitoa kwenye bafle za kifahari zilizopasuka. Zile hazina maji ya kukauka, zitakuzika. Nilizitunza kwa ajili ya bafle zangu mwenyewe, siku nitakayopata nyumba ya kuziweka. Nikapima moja moja: mbili zikikaa pamoja zinatoa namba ya baba sawasawa. Nikazifunga kwenye kitambaa, nikaruka juu ya moto, pikipiki ya kukodi, nikapanda tena Karuba.

Kazi niliifanya kiwanjani mchana, kwenye mkeka, feri ya kusude, ile pasi ya kulehemu, ikinywa batri. Nikatoa zile kuukuu, ndogo, nyepesi, zimetoa unga mweupe kwenye miguu. Mpya zilikuwa nene kama ndizi, kwenye kibao hazikai, nikazilaza kwenye ubao wa ndani na kuzifunga kwa mpira wa baiskeli uliochanwa. Nikasude polepole, mimi nisiyejua polepole. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi.

Nikarudisha vifuniko, nikakaza skurubu, nikaziingiza sebuleni, nikageuza bafle zote mbili zielekee mlango, nikawasha.

Baba akavuta pumzi.

Sijui niseme vipi. Miaka yote hii ninatengeneza sauti za watu, na sijawahi kusikia mtu akivuta pumzi namna ile ndani ya nyumba ambamo hayumo. Kigoda kililia alipokikalia. Akakohoa kile kikohozi chake cha tumbaku. Tsiii, tsiii, ikatoka kavu, safi, kati ya meno yaleyale, na maziwa ya siku ile yakaanza kugonga ndoo. Nilikuwa nimesahau, au labda sikuwahi kusikia vizuri, kwamba katikati pale baba anainua sauti na kuita: "Mama batoto! Leta kamba!"

"Nakuja!" mama akajibu kutoka jikoni.

Akatokea mlangoni, kamba mkononi, vidole vina maganda ya viazi. Akaangalia kwenye kiti cha baba. Akaangalia bafle. Akaniangalia mimi. Mungu wangu, ule uso. Nilitaka kuzima nikashindwa kunyanyua mkono. Na kabla mtu yeyote hajasema neno tukasikia kwato. Ng'ombe alikuwa anakuja mbio kutoka juu, mbio ya ndama, kiwele kizito kikimgonga miguu. Akasimama karibu na ukuta, akitetemeka ngozi. Mama hakungoja. Alishika ndoo, akachuchumaa, baba anasema naye anakamua, tsiii, na maziwa yakashuka. Yalishuka! Yalitoa povu mpaka juu. Mimi nacheka nalia, mama anakamua uso umeegemea ubavu wa mnyama, na kutoka kwenye bafle baba anamsifu macho.

Baba mdogo alikuja jioni, akapewa kikombe, akanywa chote. "Bon," akasema. "Inabaki." Nilimkumbatia mpaka kofia ikaanguka.

Laiti ningeishia hapo, ningesema ni hadithi nzuri.

Kesho yake ng'ombe hakungoja sauti. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni mwa nyumba, si mwa zizi. Ile kona ya njia aliyokuwa anaitazama kila jioni hakuitazama tena. Nikawasha, akatoa maziwa, lakini kichwa kilikuwa kinageuka geuka. Siku iliyofuata aliingiza kichwa na shingo ndani ya sebule. Akanusa kiti. Akanusa kitambaa cha bafle, akakilamba, ule ulimi wake mgumu ukakwaruza mbao. Baba alikuwa anamwita jina kabisa, pale, kwenye pua yake. Akarudi nyuma, akazunguka nyumba akitafuta upande wa pili, akatokea tena, akazunguka tena. Akalia. Ng'ombe akilia hivyo unajua, hata kama hukufuga. Maziwa yakawa nusu ndoo.

"Anachoka tu," nikamwambia mama.

Mama akabeba ile nusu ndoo jikoni.

Siku zilizofuata yakawa kikombe, halafu chini ya kikombe. Nilifungua bafle, nikakagua kila kiungo, nikaongeza sauti, nikapunguza, nikazitoa nje, nikazirudisha ndani. Kila kitu kilikuwa kizima. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na hilo njo lilikuwa linanitia wazimu. Nilianza kumfokea ng'ombe: "Ni yeye! Husikii ni yeye?"

Jioni moja nikawasha, na yeye alikuwa amelala kwenye majani karibu sana, anacheua. Baba akavuta pumzi. Baba akakohoa. Tsiii. Akamtaja jina. Ng'ombe hakuinua kichwa. Sikio halikugeuka. Aliendelea kucheua na macho yake yamefunguka, na kutoka jikoni, baba alipoita "Mama batoto", hakuna aliyejibu.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Zima," akasema.

"Mama, acha nijaribu kidogo..."

"Zima, mutoto yangu. Amejua." Akanishika bega, mkono wake mzito. "Mbele alizani iko mbali. Mutu akiwa mbali unamungoja. Weye umemuleta hapa hapa, karibu, sauti yake yote, hakupunguka kitu. Amekuja, ametafuta, na hakumukuta." Akamwangalia ng'ombe. "Hakumukuta," akarudia, kama mtu anayejaribu neno mdomoni.

Nikazima.

Siku ya soko watu wa buchere walipanda pamoja na baba mdogo. Alikuwa ameona haya, akasema angeweza kungoja, mama akamwambia hapana, wamchukue. Ng'ombe hakukataa. Alifuata tu, kwa ileile njia, hakugeuka nyuma, wala sisi hakutuangalia. Mama alisimama mlangoni mwa zizi mpaka ng'ombe alipofichwa na kona. Nilimsogelea nimshike, akanipita, akaingia nyumbani. Akakaa chini, sakafuni, katikati ya zile bafle mbili, akavua kitambaa cha kichwa, akafungua mdomo.

Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Alimwita baba kwa jina lake la ujana, ambalo mimi sikulijua. Alimwuliza kwa nini aliondoka bila kumngoja, kwa nini amelala chini kule kwenye maji na baridi, nani alimfunika, nani alimfumba macho. Nilijaribu kumjibu kwamba ni mimi, mama, ni mimi nilimfumba, lakini hakuwa ananiuliza mimi. Mlima wote ulisikia. Watu wakaacha majembe shambani, wakaja mbio kutoka juu na kutoka chini, wanawake wamejishika vichwa, yule mama wa viazi mbele yao, wanapiga makelele kabla hata ya kufika kiwanjani:

"Nani amekufa? Nani amekufa?"

Nikatoka mlangoni, nikawaambia: "Ni baba."